Siku Ile Mtoto Anangoja Nini?

Miaka kadhaa iliyopita, jioni ya kuamkia Idi-el-Haji, niliwasomea watoto wa mtaani kwetu Tanga kitabu cha picha chenye mbuzi. Nilikichagua haraka na kwa nia njema: kesho ni siku ya mbuzi, leo tusome habari za mbuzi. Mbuzi wa kitabuni alikuwa mjanja, amevaa kofia, anawatoroka wote wanaomfukuza, na mwishoni amelala fofofo kitandani kwa mwenye nyumba. Watoto walicheka mpaka wakagaragara mkekani.

Asubuhi, watu walipotoka kuswali, nikasikia kilio nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto wa miaka 5 alikuwa amemkumbatia mbuzi shingoni, amempa jina la yule wa kitabuni, na baba yake amesimama na kamba mkononi hajui aanzie wapi. Bibi wa mtoto hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, jana mchana huyu alikuwa mbuzi. Leo amekuwa mtu wa nyumbani."

Tangu asubuhi ile nimeacha kuchagua kitabu cha sikukuu kwa kutazama jalada. Na kila ninapowaona wazazi, walimu wa chekechea na wakutubi wakifanya nilivyofanya, naona kosa ni lile lile: tunalinganisha neno na neno. Siku ni ya Krismasi, basi tunatafuta kitabu kilichoandikwa Krismasi. Siku ni ya Uhuru, tunatafuta chenye bendera. Ni kama kumnunulia mtoto kiatu kwa kupenda rangi yake bila kukipima mguuni.

Sikukuu ya mtu mzima ina historia, ina ibada, ina gharama na hesabu za wageni. Sikukuu ya mtoto ina kungoja. Anangoja nguo itoke kwa fundi cherehani, na fundi amesema njoo kesho mara tatu. Anangoja sufuria ifunuliwe. Anangoja zamu yake ya bembea, anangoja shangazi ashuke kwenye basi, anangoja aambiwe "sasa unaweza kuvaa". Ukimuuliza mtoto wa miaka 4 Idi ilikuwaje, hatakusimulia Idi. Atakusimulia kile alichokingoja na jinsi kilivyokuja, au kisivyokuja.

Katika maandishi yote tuliyo nayo, hakuna linaloelewa kungoja kama kitabu cha picha. Hili linatokana na umbile lake. Karatasi kubwa ya kiwandani ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16, na ndiyo maana vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32, vingine 24, na vile vya bei nafuu 16. Ukiondoa jina na mambo ya mchapishaji, msimuliaji amebakiwa na nafasi chache sana za kufunua. Kila kufunua ni swali dogo. Mchoraji hodari huacha kitu pembeni kabisa mwa ukurasa wa kulia, mkia, kivuli, ncha ya kanga, na mtoto hunyoosha mkono kabla hujamaliza kusoma mstari. Ule mkono ulioshika kona ya ukurasa unafanya kazi ile ile ya jicho linalochungulia dirishani kama mgeni amefika.

Kwa hiyo swali langu la kwanza mbele ya rafu ni hili: siku ile mtoto anangoja nini? Kitabu kinachokaa ndani ya kungoja huko ndicho kitabu cha siku hiyo, hata kama jina la siku halimo. Kisichokaa humo, hata kama kimejaa miezi na nyota, si chake.

Nirudi kwa mbuzi. Ningejiuliza swali hilo jioni ile, jibu lilikuwa karibu sana. Watoto wa mtaani kwetu siku ya Idi-el-Haji hawamngoji mbuzi. Wanangoja kutumwa. Nyama ikishagawanywa mafungu, mtoto hupewa sahani iliyofunikwa kawa, anaambiwa peleka kwa Mama fulani, usikimbie, usimwage, salimia kabla hujasema umetumwa nini. Kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni heshima kubwa. Ameaminiwa na kitu cha watu. Kitabu chochote cha mtoto aliyetumwa, amebeba kitu kinachoweza kumwagika, njia ina jogoo mkali na dimbwi la maji, kingekuwa kitabu cha Idi-el-Haji kuliko mbuzi wangu mwenye kofia. Na kisingemfanya mtoto asubuhi ashindwe kumtazama baba yake.

Hapa kuna jambo ambalo wachaguaji wengi huliruka. Kitabu kikisomwa mkesha wa siku fulani hakikai peke yake. Siku yenyewe huja ikakisoma upya. Mnyama anayezungumza ni mzuri mwaka mzima isipokuwa jioni moja. Hadithi ya mtoto aliyepotea sokoni ni nzuri, lakini si mkesha wa safari. Kabla ya kufurahia kitabu, jaribu kuwaza saa 24 zitakazofuata.

Idi-el-Fitri ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu kungoja kwake kumewekwa wazi mbele ya kila mtu. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 mji mzima hausemi kwa hakika kesho ni nini. Wanawake wameshachambua mchele lakini hawajui kama wautie jikoni kesho asubuhi. Redio imewashwa. Watoto wako nje, shingo zimenyooka kuelekea magharibi, na kila baada ya dakika mmoja anapiga kelele ameuona, kumbe ni taa ya mnara. Huo ni mpangilio kamili wa kitabu cha picha na hakuna haja ya kuongeza kitu. Hauonekani, hauonekani, hauonekani, funua.

Vitabu vingi vya Idi vinavyofika mikononi mwetu, hasa vile vinavyoletwa kutoka Ulaya na Marekani, huyaruka yote hayo na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya chakula. Naelewa sababu. Vimeandikwa kwa ajili ya mtoto Mwislamu anayeishi mahali ambapo wenzake darasani hawajui Idi ni kitu gani, kwa hiyo kitabu kimebebeshwa kazi ya kueleza: hii ni swala, hii ni zaka, hivi ni vyakula vyetu. Ni kazi njema kwa mtoto yule. Mtoto wa Tanga, Mombasa au Unguja haelezwi Idi; anaishi ndani yake. Anayeelezwa kile anachokijua huchoka ukurasa wa tatu. Yeye anahitaji kitabu kinachojua kwamba Zanzibar sikukuu hukaa siku nne, kwamba mkono wa Idi hukunjwa ndani ya kitambaa, na kwamba hela ile ikiisha siku ya kwanza katika viwanja vya Kariakoo kule Unguja au Tibirinzi kule Chake Chake, siku tatu zilizobaki ni ndefu mno.

Kuna jambo la mchoraji pia. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, kwa hiyo Idi hutembea ndani ya majira. Mwaka 2024 Idi-el-Fitri ilituangukia Aprili, masika. 2026 imekuja Machi. Mtoto anayezaliwa leo ataiona ya kiangazi, ya vuli na ya kaskazi kabla hajafika miaka 35. Kitabu cha Idi kilichochorwa chote kwenye mvua kitapotea njia baada ya miaka michache. Ninapochagua cha Idi natazama anga. Kama hadithi inaitegemea hali ya hewa, nakiacha.

Krismasi ni kinyume chake. Yenyewe haisogei, na kwa hiyo ina hali ya hewa yake, na hapo ndipo vitabu vinapotuangusha. Desemba yetu ni joto na maembe. Vitabu vya Krismasi vilivyojaa kwenye maduka ya Dar es Salaam na Nairobi ni theluji, mabomba ya moshi juu ya paa na makoti mazito. Niliwahi kuwaomba watoto wachore Krismasi. Watoto wa nyumba za bati, ambao hawajawahi kuona bomba la moshi juu ya nyumba yoyote, walichora bomba la moshi. Hakuna aliyechora sufuria ya pilau.

Sisemi theluji itolewe kwenye rafu. Mtoto anayo haki ya kushangaa, na kitabu chenye mambo ya mbali ni dirisha. Linaloniuma ni pale dirisha linapokuwa ndilo peke yake, na nyumba yenyewe haimo katika kitabu chochote. Mtoto huhitimisha kwamba Krismasi ya kweli iko mahali pengine na ya kwao ni ya kuazima.

Tena theluji ya kwetu ipo. Iko juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na kila Desemba maelfu ya watoto wa Kichaga hupelekwa kuitazama wakiwa wamebanwa kwenye basi kati ya begi na ndoo. Wachaga kurudi nyumbani Krismasi ni jambo linalojulikana nchi nzima. Dar es Salaam hupungua watu. Sasa ifikirie safari ile kama kitabu. Chalinze. Segera, ambako abiria hushuka kula. Korogwe, Mombo yenye matunda madirishani, Same yenye vumbi na upepo. Mtoto anauliza tumefika, anaambiwa bado. Baada ya Mwanga anaambiwa atazame mbele, mlima uko pale, na mlima haupo, ni mawingu tu. Bado. Bado. Kisha mawingu yanafunguka. Mwisho wa barabara kuna bibi, migomba, binamu ambao mara ya mwisho walikuwa wafupi kuliko yeye. Mwandishi hahitaji kulitaja neno Krismasi hata mara moja. Mtoto wa Rombo au Machame ataijua kwa harufu.

Kwa familia zinazotaka kitabu cha kuzaliwa kwa Yesu, na ni haki kabisa kukitaka, ushauri wangu ni mfupi: tazama hori. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mtoto alivikwa "nguo za kitoto" akalazwa katika "hori ya kulia ng'ombe". Watoto wengi wa Kilimanjaro, wa Iringa, wa Kisii wanalijua hori vizuri kuliko wachoraji wa vitabu hivyo. Wanajua lina majani yaliyotafunwa nusu, lina unyevu na lina harufu. Kama mchoraji ameligeuza kuwa kitanda cha dhahabu chenye miale, amemnyang'anya mtoto ukurasa ambao angeuelewa kuliko padri.

Kwenye sikukuu za taifa kuna hasara ya namna nyingine. Tatizo huko si ugeni, maana vitabu tunaviandika sisi wenyewe. Tatizo ni kwamba tunaviandika kama mtihani. Fungua kitabu cha watoto cha Uhuru na mara nyingi utakuta tarehe, cheo, jina, tarehe, cheo, jina, na mtu mwenye suti amesimama. Mtoto wa darasa la pili hana pa kuingilia.

Na picha tunazo, kubwa kuliko za mataifa mengi. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alisema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kule juu, gizani, kwenye baridi kali, na mwenge na bendera. Mtu mmoja anapanda mlima usiku. Chini, nchi nzima inangoja saa sita. Mtoto wa miaka 6 haelewi ukoloni, lakini anaelewa kabisa mtu aliyebeba moto kwenye upepo akiomba usizimike. Huko ndiko angeingilia, na ukoloni ungekuja baadaye kwa maswali yake mwenyewe: kwa nini alipanda, kwa nini usiku, nani alikuwa na bendera ile nyingine, iliyoshushwa.

Muungano wa 26 Aprili 1964 nao umetuachia picha ambayo kila Mtanzania ameiona, Mwalimu akimimina na kuchanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Udongo! Hakuna jambo la serikali lililo karibu na mikono ya mtoto kama hilo. Niliwahi kuwapa watoto udongo mwekundu wa shambani na mchanga mweupe wa Raskazone, wakauchanganya kwenye bakuli, kisha nikawaambia wautenganishe. Tulikaa nusu saa. Baada ya hapo hadithi yoyote ya Muungano ilikuwa yao. Mchapishaji anayetaka kutoa kitabu cha siku hiyo aanzie kwenye bakuli, si kwenye hati.

Wanaopenda tarehe watanikumbusha kwamba Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na kwamba kuunganisha sikukuu na vitabu si jambo jipya kwetu. Ni kweli, na nalipenda jambo hilo. Wakati ule mtu alifikiri kwamba zawadi inayofaa kwa taifa siku yake ya kuzaliwa ni nyumba ya vitabu.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ndiyo ngumu kuliko zote, na huwa naiona ikichaguliwa vibaya kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kusahau ilikotoka: maandamano, fulana mpya, ngonjera, mgeni rasmi anayechelewa na watoto juani. Namna ya pili ni kukumbuka bila kipimo. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliingia barabarani kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, polisi wakawapiga risasi. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaitenga tarehe hiyo kwa ajili ya watoto. Picha iliyobeba siku ile, ya mpiga picha Sam Nzima, inamwonyesha Hector Pieterson amebebwa mikononi mwa kijana mwingine, huku dada yake akikimbia pembeni. Ni picha ambayo dunia ilipaswa kuiona. Siiweki mbele ya mtoto wa miaka 5. Wa miaka 11 ataiona, nikiwa nimekaa karibu naye, na tutazungumza.

Kwa wadogo narudi kwenye swali langu. Watoto wale wa Soweto walitaka nini? Walitaka mwalimu azungumze nao kwa lugha wanayoielewa. Hilo mtoto wa miaka 5 analielewa bila damu. Tafuta kitabu cha mtoto aliyekaa katikati ya watu wasiomwelewa, anayenyoosha kidole akapewa kitu kingine, anayetamka neno watu wakacheka. Watoto wetu wana sababu ya karibu ya kukielewa: wengi husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza wanaamka na kukuta biolojia na historia zimehamia Kiingereza. Namjua msichana aliyekuwa wa tatu darasani aliyekaa muhula mzima bila kunyoosha mkono. Kitabu cha aina hiyo kinafaa pia 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na nadhani kingefaa kuliko mabango yote tunayobandika ukutani siku hiyo.

Kuna sherehe ambazo ukizitazama unajiuliza wachoraji wako wapi. Makunduchi kule Unguja, kila Julai, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi: wanaume wanapigana kwa magomba mpaka hasira za mwaka zinaisha, kisha kibanda kinachomwa moto na mtu akiwamo ndani, na watu wanangoja atoke. Ukurasa wa kushoto moto, ukurasa wa kulia moshi mtupu. Funua. Lamu wakati wa Maulidi wana mbio za punda. Nikiwa na uwezo wa kuwaagiza wachoraji kazi, ningeanzia huko.

Lakini siku nyingi maalumu za mtoto hazimo kwenye kalenda ya ukutani.

Mahafali ya chekechea, kwa mfano. Nimehudhuria mengi na moyo wangu huuma kila mara. Mtoto wa miaka 6 anavalishwa joho na kofia, kuna mshereheshaji, kuna keki ya ngazi, kuna mpiga picha, kuna maua ya karatasi shingoni mpaka mtoto haoni mbele. Anakwenda nyumbani na zawadi nyingi na hakuna kitabu hata kimoja, katika sherehe ya kusherehekea kwamba ameanza kusoma. Siwalaumu wazazi kwa kupenda watoto wao hadharani. Naomba kitu kimoja kiongezwe. Na hapo pia chaguo lisiwe kitabu cha mahafali. Mtoto yule hakuwa akingoja joho, joho ni letu. Anangoja Januari. Anangoja Darasa la Kwanza na ana hofu ambazo hajamwambia mtu: choo kiko wapi, nani atakaa naye dawati moja, itakuwaje akisahau daftari, wale wakubwa wa Darasa la Saba wanapiga? Kitabu cha siku ya kwanza shuleni, kikitolewa Novemba siku ya mahafali, kina wiki nyingi za kusomwa kabla hofu haijafika.

Siku ya kuzaliwa imekua sana mijini, na vitabu vyake ni mishumaa na maputo. Wakati kwetu mtoto akiadhimisha siku yake jambo analoliwaza kutwa ni ndoo ya maji: nani atammwagia, lini, akiwa amesimama wapi. Anatembea akigeuka nyuma. Kungoja kulikoje kuzuri kuliko huko? Sijakiona bado kitabu cha picha chenye ndoo hiyo, nami nimetafuta.

Jino la kwanza kung'oka, ambalo sisi tulilirusha juu ya bati. Mdogo wake kuzaliwa. Hapo kitabu kinahitajika mapema kisha tena siku ya arobaini, mama anapotoka na mtoto mkubwa anagundua kwamba mgeni huyu haondoki. Mtoto kuhitimu Kurani, mwingine Komunyo ya Kwanza. Na msiba, ambao si sherehe lakini ni siku inayokuja na turubai, viti na sufuria zile zile, na ambapo mtoto huachwa uani na wenzake bila mtu wa kumwambia babu yuko wapi. Kwa siku ya namna hiyo sitafuti kitabu kinachofariji kwa maneno mengi. Natafuta chenye kiti kitupu ndani ya picha, na maandishi machache, ili mtoto aseme yeye.

Mitaa yetu ina dini zaidi ya moja, na watoto hula pilau ya Idi na ya Krismasi bila kubagua. Ukimchagulia mtoto kitabu cha sikukuu isiyo ya nyumbani kwao, chagua chenye mtoto anayebisha hodi. Mtoto wa Kikristo siku ya Idi yuko mlangoni na kandambili zake, anangoja aambiwe karibu. Vitabu vinavyomfundisha nguzo tano ni vyema kwa umri wake. Ila mlangoni pale anangoja aone rafiki yake amevaa nini, na kama leo wataruhusiwa kucheza kwenye sebule ile ya makochi ambayo siku nyingine hufungwa.

Wakati wa kusoma nao ni sehemu ya kuchagua. Wengi husoma kitabu cha sikukuu siku yenyewe, watoto wameshavaa, wageni wako barazani, hakuna anayesikiliza. Kungoja kumekwisha. Mimi huvitoa siku 10 kabla, na siku ikipita navifungia juu kabatini pamoja na sahani za wageni. Kitabu kile kile hutoka mwaka unaofuata. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 akatazama jogoo tu, akifika 5 anaona kawa, akifika 6 anasoma mwenyewe majina kwenye vibao vya maduka yaliyochorwa nyuma. Kwa njia hii nyumba haihitaji kununua vitabu vingi. Kimoja kwa kila sikukuu, kilichochaguliwa kwa uangalifu, hukaa miaka minne au mitano.

Na palipokosekana kabisa, kuna njia mbili. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na zinaruhusiwa kupakuliwa, kuchapwa na hata kurekebishwa bila malipo. Mwalimu mwenye simu na mahali pa kuchapia anaweza kuanza wiki hii. Njia ya pili ni karatasi nne za kawaida, zikunjwe katikati, zishonwe kwa uzi mgongoni: kurasa 16.

Hiyo ya pili tulifanya Ramadhani iliyopita na watoto wanane kwenye baraza langu. Mmoja wao ni yule wa mbuzi, sasa ni mkubwa na ana mwandiko mzuri, ndiye aliyeandika maneno. Kila mmoja alichora ukurasa: fundi na cherehani yake, foleni ya kusaga unga, shingo zilizonyooka, taa ya mnara, bibi na redio. Kurasa zikajaa zote isipokuwa wa mwisho. Nikauliza nani anauchora. Wakaniambia siku ya 29 ni leo, mwezi haujaandama, watachora nini? Jioni tukatoka nje, mawingu yakatanda upande wa bahari, na usiku redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana mahali popote. Ukurasa ukabaki mweupe usiku mmoja zaidi, kitabu kikalala barazani juu ya mkeka, na kalamu ya njano juu yake.